Kimulimuli, maabara na sahani ya chipsi

Nianze na hesabu ndogo. Chipsi kuku ikitoka kwenye karai pale kona ya mtaa wenu, inachukua dakika ngapi kufika tumboni? Tuseme kumi, kama foleni si ndefu. Sasa chukua kipande cha kuku huyo huyo, kipeleke maabara, uulize: humu kuna salmonela? Jibu la uhakika, kwa njia ya kawaida inayoheshimika duniani kote, linakuja baada ya siku tatu mpaka tano. Dakika kumi kwa siku tano, jamani. Kwa hiyo ukisikia kwamba sampuli zimepelekwa kwa uchunguzi, ujue chakula chenyewe kimeshaliwa zamani, na mlaji ama yuko kazini anacheka na wenzake, ama yuko kitandani amejikunja kama kamba.

Hesabu hiyo imenikalia kichwani wiki nzima, ndiyo maana leo siandiki siasa. Nimekuwa nikifuatilia jinsi watu walivyojaribu kuzifupisha zile siku tano, na kukitoa kipimo maabara kukileta pale chakula kilipo. Nilidhani nitakutana na habari za mashine tu. Nikakutana na mapishi ya jeli, kesi za mahakamani, na watoto wanaokimbiza wadudu usiku.

Kwanza, kwa nini siku tano? Kwa sababu bakteria mmoja haonekani kwa macho, na hata kwa hadubini huwezi kumtambua kwa sura tu. Salmonela na ndugu zake wasio na madhara wanafanana kama vijiti vya kiberiti. Njia pekee waliyoipata wataalamu wa karne ya 19 ilikuwa ni kumlisha. Mpe chakula, mpe joto, msubiri azae mpaka awe kijiji kizima, halafu ukiangalie hicho kijiji. Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani, aliwaonyesha wenzake London mwaka 1881 jinsi ya kuwakuza bakteria juu ya kitu kigumu badala ya kwenye supu, ili kila aina ikae peke yake. Tatizo lake lilikuwa jelatini. Ikifika joto la mwili wa binadamu inayeyuka, na bakteria wengine wanaila kabisa. Kijiji kinazama.

Aliyelitatua hilo hakuwa profesa. Alikuwa Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyefanya kazi kwenye maabara ya Koch. Bi Fanny alikuwa akigandisha jeli na pudingi zake kwa agari, kitu kinachotokana na mwani, ambacho alikuwa amejifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Mume akalalamika kwamba jelatini inayeyuka kwenye joto. Mke akamwambia jaribu ninachotumia jikoni. Mpaka leo, kila maabara unayoijua inatumia agari. (Wazanzibari msikimbilie kudai hati miliki: mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989 ni wa aina nyingine, hautoi agari.) Koch aliitaja agari kwenye taarifa yake maarufu ya kifua kikuu ya mwaka 1882, lakini jina la Bi Fanny hakulitaja. Mwaka 1887 msaidizi wa Koch aitwaye Petri akaandika kuhusu kisahani chenye mfuniko, na kisahani kikapewa jina lake. Mwenye kisahani anakumbukwa, mwenye chakula kilichomo ndani amesahaulika.

Mwaka uliofuata, 1888, njia hiyo ikapata kazi kwenye mji mdogo wa Frankenhausen, Ujerumani. Ng'ombe mgonjwa alichinjwa, nyama ikauzwa, watu zaidi ya 50 wakaugua na mmoja akafa. August Gärtner akamkuza bakteria wa aina moja kutoka kwenye nyama na kutoka kwenye mwili wa marehemu. Nyama na maiti zikatoa ushahidi unaolingana. Bakteria huyo leo tunamweka kwenye kundi la salmonela. Jina hilo, kwa taarifa yako, halina uhusiano wowote na samaki. Limetoka kwa Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ambaye alikuwa bosi. Aliyekaa maabara akamgundua bakteria wa kundi hilo mwaka 1885 ni msaidizi wake, Theobald Smith. Wanaofanya kazi maofisini watanielewa.

Basi hiyo ndiyo njia, na kwa kiasi kikubwa ndiyo tunayoitegemea mpaka leo. Siku ya kwanza unaitumbukiza sampuli kwenye supu ya kuwapa nguvu bakteria waliochoka. Siku ya pili kwenye supu nyingine yenye kemikali za kuwadumaza wapinzani. Siku ya tatu kwenye sahani. Ya nne unathibitisha. Huwezi kumharakisha, kwa sababu anayetawala ratiba si mtaalamu, ni bakteria mwenyewe.

Sasa twende Marekani, maana huko ndiko ilikoonekana wazi gharama ya kusubiri. Sheria yao ya ukaguzi wa nyama ilipita mwaka 1906, baada ya riwaya ya Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago kuwatia watu kinyaa. Ikaleta wakaguzi ndani ya kila machinjio makubwa. Mkaguzi alitumia macho, vidole na pua. Kwa jipu, uvimbe na nyama iliyooza, hiyo inatosha. Hata bwana afya wetu anaanza hivyo hivyo. Lakini salmonela haina harufu. Nyama yenye bakteria wa kukulaza wiki nzima inaweza kuwa nyekundu, laini, inapendeza kabisa.

Hili si kwamba halikujulikana. Chama cha wataalamu wa afya ya jamii kiliishtaki wizara ya kilimo, kikitaka nyama iwekewe onyo kuhusu salmonela. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikakataa. Hoja ilikuwa kwamba bakteria hao ni sehemu ya kawaida ya nyama mbichi, na akina mama wa Marekani si wajinga, wanajua kupika. Yaani mzigo ulitoka kiwandani ukawekwa juu ya jiko la nyumbani, na ukakaa hapo karibu miaka 20.

Januari 1993 ukaanguka. Watoto wa jimbo la Washington walianza kufikishwa hospitali wakiharisha damu, na wengine figo zikafeli. Walikuwa wamekula baga za mtandao wa migahawa wa Jack in the Box. Mhusika alikuwa E. coli wa aina inayoitwa O157:H7. Jimbo lilikuwa limeagiza baga zipikwe mpaka nyuzi joto 68 za Selsiasi; migahawa ilikuwa ikifuata kiwango cha chini zaidi, nyuzi 60. Watu zaidi ya 700 waliugua katika majimbo manne na watoto wanne wakafa. Ukisoma habari za wazazi wale, suala la nani anajua kupika linakosa maana kabisa. Mtoto hakupika. Na baadhi ya walioambukizwa hawakuwa hata wameila hiyo baga. Walicheza tu na aliyeila, kwa sababu bakteria huyu hahitaji jeshi. Chini ya mia moja wanaweza kumwangusha mtu.

Septemba 1994 Michael Taylor, aliyekuwa mkuu wa idara ya ukaguzi wa nyama, akatangaza kwamba nyama ya kusaga yenye O157:H7 si chakula bali ni bidhaa iliyochafuliwa kisheria, hairuhusiwi kuuzwa. Wenye viwanda na maduka wakaenda mahakamani kumzuia, wakashindwa. Nadhani wengi hawatambui uzito wa hatua hiyo. Siku bakteria anapokuwa kosa la kisheria, kipimo kinakuwa pesa. Tani za nyama zimekaa kwenye jokofu zikisubiri jibu, umeme unakwenda, malori yamesimama getini, mteja anapiga simu. Kila saa unayoipunguza kwenye lile jibu ina bei yake. Hapo ndipo kampuni za vipimo zilipoanza kukimbizana kwelikweli.

Matunda yake moja ni ukanda mdogo unaofanana na kipimo cha mimba, na si kufanana tu, teknolojia ni ile ile. Unadondosha matone, unasubiri kama robo saa, mstari ukitokea umempata. Ukisoma kwenye tangazo utadhani tatizo limekwisha. Lakini soma maandishi madogo. Kabla ya kudondosha matone, sampuli lazima ilale kwenye supu na joto kwa saa nane, au usiku kucha, ili bakteria waongezeke wafikie idadi ambayo ukanda unaweza kuiona. Robo saa ni ya ukanda. Usiku ni wa bakteria, kama enzi za Bi Fanny. Hata vipimo vya kuchunguza jeni, vikiwemo vile vilivyobuniwa Japani mwaka 2000 vinavyofanya kazi kwenye joto la aina moja bila mashine kubwa, kwa kawaida vinahitaji kumlisha mgeni kwanza.

Nilipofika hapo ndipo nikaona jambo ambalo sasa nalitafuta kwenye kila kipimo cha haraka ninachokisikia: kasi haikupatikana bure. Kila kipimo kilichokimbia kilikubali kuuliza swali dogo zaidi. Na aliyekimbia kuliko wote ni kimulimuli.

Ndiyo, kimulimuli huyo huyo tuliyemkimbiza utotoni tukamtia kwenye chupa, ambaye jina lake tumelipa taa za magari ya polisi. Mfaransa Raphaël Dubois alishaonyesha katika miaka ya 1880 kwamba mwanga wa viumbe wa namna hii unatokana na kemikali mbili zinapokutana, akaziita lusiferini na lusiferasi. Mwaka 1947 William McElroy wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akapata kiungo kilichokuwa kinakosekana. Alisaga mikia ya vimulimuli. Ule unga ukiloweshwa uliwaka kidogo kisha ukazima. Akaongeza ATP, ukawaka tena. ATP ni kemikali ambayo seli za kila kiumbe hai zinaitumia kama sarafu ya nishati: wewe, muhogo, ng'ombe, bakteria. Na kadiri ATP inavyokuwa nyingi ndivyo mwanga unavyoongezeka. Yaani ukiupima mwanga, umeupima uhai.

Kazi hiyo ilihitaji vimulimuli wengi mno. McElroy akatangaza kwamba atawalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli mia moja. Hebu piga picha: majira ya joto, magharibi, watoto mtaa mzima wanakimbia na chupa, mama zao wanawaita kula, na hakuna anayejua kwamba anachokamata kitakuja kukagua majiko ya hoteli.

Kutoka maabara ya McElroy mpaka jikoni kulipita njia ndefu, na ilipita anga za juu. Emmett Chappelle, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Phoenix, Arizona mwaka 1925 na kupigana Italia katika Vita Kuu ya Pili ndani ya divisheni ya weusi, alikuwa mkemia aliyefanya kazi kwa ajili ya NASA katika miaka ya 1960 na 1970. Swali lilikuwa: chombo kikitua sayari nyingine, kitajuaje kama kwenye udongo kuna uhai? Chappelle akatumia kemikali za kimulimuli. Changanya, angalia, kikiwaka, kuna mtu nyumbani. Kisha akaona kwamba njia hiyo hiyo inaweza kuhesabu bakteria waliomo kwenye maji, kwenye mkojo wa mgonjwa, kwenye chakula. Vyombo vya Viking vilivyotua Mars mwaka 1976 havikubeba kipimo cha kimulimuli, vilikwenda na majaribio mengine. Kimulimuli akabaki duniani, na nadhani tumefaidi zaidi. Chappelle alifariki mwaka 2019, na sikumbuki kuliona jina lake kwenye gazeti lolote la hapa kwetu.

Kilichobaki ilikuwa kuacha kuwategemea watoto na chupa zao. Mwaka 1985 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, akiwemo Marlene DeLuca, mke wa McElroy, walichukua jeni ya lusiferasi ya kimulimuli wakaiweka ndani ya E. coli, aina ile isiyo na madhara, naye akaanza kutengeneza lusiferasi. Ukoo wa mwizi ukaajiriwa kwenye kiwanda cha kufuli. Katika miaka ya 1990 vyombo vya mkononi vikaenea kwenye viwanda vya vyakula, vidogo kama rimoti ya televisheni.

Nimewahi kukiona kimoja kikifanya kazi kwenye jiko la hoteli moja hapa Dar. Mkaguzi anachukua kijiti chenye pamba, anakipitisha juu ya ubao wa kukatia nyama, anakirudisha kwenye kichupa chake, anakivunja ncha ili kemikali zichanganyike, anakitumbukiza kwenye mashine. Sekunde kumi na tano, namba inatokea. Ubao uliosuguliwa mpaka ukang'aa ulitoa namba kubwa. Mpini wa mlango wa jokofu, ambao kila mpishi anaushika na hakuna anayeuosha, ulitoa kubwa zaidi. Wapishi walicheka, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akaenda kuchukua sabuni bila kuambiwa. Hakuna hotuba ya usafi ningeweza kuiandika ikafanya hivyo.

Lakini kile kimashine hakikusema kuna bakteria. Kilisema kuna ATP. Damu ya kuku ina ATP, juisi ya nyanya ina ATP, na hata jasho la kiganja chako. Kinachopimwa ni uchafu uliotoka kwenye vitu vyenye uhai, hai au vilivyokufa karibuni. O157:H7 hamsini, wanaotosha kumwua mtoto, wana ATP kidogo kiasi kwamba mashine inaweza kuwapita bila kuona kitu. Na dawa kali ya kuua vijidudu ikibaki kwenye ubao inaweza kuizima lusiferasi, ukasomewa usafi ambao haupo. Kwa hiyo sekunde kumi na tano ni za kujibu kama umesafisha vizuri. Swali la kama chakula hiki kitaniua bado linakwenda maabara.

Na maabara ikichelewa, tumeona matokeo hapa hapa Afrika. Mwaka 2017 hospitali za Afrika Kusini zilianza kupokea wagonjwa wengi wa listeria, hasa wajawazito na watoto wachanga. Listeria ana tabia mbili mbaya. Anakua hata ndani ya jokofu, na anaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata zaidi ya miezi miwili, kabla ya kukuangusha. Sasa nenda kamuulize mama aliyefiwa na mtoto alikula nini miezi miwili iliyopita. Serikali ilitangaza mlipuko Desemba 2017 bila kujua chanzo. Fununu ya maana ilikuja Januari 2018, watoto wa chekechea moja ya Soweto walipofikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa wagonjwa kwa pamoja. Maofisa wa afya wakaenda kule chekechea, wakafungua jokofu, wakakuta poloni. Poloni ikawapeleka mpaka kiwanda cha Polokwane, na uchunguzi wa jeni ukalinganisha listeria wa kiwandani na yule wa wagonjwa. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza. Wagonjwa walipita 1,000, waliofariki walipita 200. Poloni ni chakula cha mkate wa shule, cha wenye kipato kidogo, na hakipikwi tena kikishafika nyumbani. Ile hoja ya mahakama ya 1974, ya mama anayejua kupika, hapa haina pa kushika.

Kuna kipimo kingine kisichotajwa kwenye habari za teknolojia, nacho hakina betri. Nenda kwenye vituo vya maziwa Kenya alfajiri. Mkusanyaji anachota maziwa kidogo, anaongeza spiriti kwa kiasi hicho hicho, anatikisa. Yakiganda vipande vipande, yameanza kuchacha, yaani bakteria wameshafanya kazi. Debe linarudi na mwenyewe. Kisha anaingiza laktomita kuona kama yametiwa maji. Dakika mbili, tena mbele ya mkulima, hakuna wa kubishana na mwenzake.

Kwa miaka mingi vipimo hivyo havikuwa na heshima mikononi mwa mchuuzi wa mtaani. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa Kenya yalipitia kwa wachuuzi wadogo na njia nyingine zisizo za kiwanda, na jibu la mamlaka lilikuwa kuwakimbiza na kumwaga madebe yao. Mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo uliofanyika kati ya 1997 na 2005, ukihusisha wizara na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, ukauliza swali ambalo kumwaga maziwa hakuwezi kulijibu: je, mchuuzi huyu akifundishwa kupima na akapewa chombo cha bati badala ya dumu la plastiki, itakuwaje? Maziwa yakawa bora. Kuanzia 2004 msimamo ukabadilika, na Bodi ya Maziwa ya Kenya ikaanza kuwatambua waliopata mafunzo na kuwapa leseni.

Mimi naona hilo ni tukio kubwa kuliko lile la kimashine cha hotelini. Kule kipimo kilifika kwa mkaguzi. Hapa kilifika kwa anayeuza, na chupa ya spiriti haihitaji kuagizwa kutoka nje.

Spiriti nayo ina swali lake dogo. Inajibu kama maziwa yamechacha. Brusela, bakteria anayetoka kwa ng'ombe na kumpa mtu homa za miezi na miezi, hachachishi maziwa. Anapita kwenye kipimo hicho akiwa ametulia kabisa. Watafiti walipoingia kwenye nyumba za wanunuzi wa mijini wakakuta karibu wote wanayachemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na kwa brusela hiyo inatosha. Wengi hawakuwa hata wanajua jina lake. Walikuwa wanapika chai.